Jinsi ya Kufungua Dai katika Mahakama ya Madai Madogo nchini Kenya

Kwa miaka mingi, Mkenya aliyedai shilingi elfu 80 alishauriwa asamehe, kwa kuwa ada ya wakili na kuahirishwa kwa kesi kila mara kungelimeza deni lenyewe. Ibara ya 48 ya Katiba ya 2010 iliitwika serikali jukumu la kuhakikisha kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada ikitozwa isiwe kizuizi. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka 2016, lakini mahakama yenyewe ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kuchelewa ambako ni vigumu kukutetea.

Anza kwa kuhakikisha kwamba dai lako linaingia humo. Kiwango cha juu ni shilingi 1,000,000, nalo liwe limetokana na mkataba wa bidhaa au huduma, fedha ulizomkabidhi mtu, mali iliyoharibiwa, au majeraha ya mwili. Kesi za ardhi, za kuchafuliwa jina na za ajira haziruhusiwi, kwa hiyo anayedai mshahara atapoteza muda wake hapa. Angalia pia tarehe, kwa sababu dai la mkataba hufa baada ya miaka 6.

Kazi kubwa iko kwenye ushahidi, na hufanyika kabla hujakanyaga mahakamani. Chukua mfano wa fundi wa vyuma aliyetengeneza geti la shilingi 95,000, akalipwa 40,000, kisha mteja akaacha kupokea simu. Huenda hawakuandikiana mkataba wowote, lakini ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kwanza unaonyesha tarehe na jina, mazungumzo ya WhatsApp yanataja bei, na picha inaonyesha geti likiwa limesimama langoni kwa mteja. Achapishe vyote na kuvipanga kwa tarehe. Kisha amwandikie mteja barua ya madai inayotaja kazi iliyofanywa, salio la shilingi 55,000 na siku ya mwisho ya kulipa, akihifadhi nakala pamoja na thibitisho la kuipeleka. Lugha ya barua iwe ya adabu, kwani mwamuzi huenda akaisoma.

Mteja akinyamaza, jaza fomu ya madai na uiwasilishe pamoja na vielelezo kupitia mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Asiyejiweza kwa kompyuta aombe msaada katika masjala. Ada ikishalipwa, mdaiwa lazima akabidhiwe nyaraka hizo, na mahakama itataka ithibitishiwe kwamba alizipata. Kesi nyingi hukwama hapo, hasa mdaiwa anapokuwa amehama, kwa hiyo tafuta mapema anwani yake ya sasa. Ujue pia kwamba anaweza kukujibu kwa dai lake mwenyewe dhidi yako.

Siku ya kusikizwa, eleza mambo yako kwa Kiswahili ukipenda. Mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi, na pande zote zikikubali anaweza kuamua kwa kusoma nyaraka tu. Sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutofautiana kuhusu uhalali wa hukumu inayotolewa baada ya hapo, kwa hiyo usiwe wewe unayeomba kuahirisha.

Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria pekee. Ukishinda na mdaiwa asilipe, rudi uombe amri ya utekelezaji, ambayo humwezesha dalali wa mahakama kukamata mali inayohamishika na kuiuza. Gharama za dalali kwa kawaida humwangukia mdaiwa, lakini usipoweza kuonyesha gari, bidhaa za duka au mali nyingine iliyo yake kweli, amri hiyo itabaki karatasi. Ndiyo maana inafaa kuchunguza mali zake kabla ya kulipia fomu ya kwanza.