Umeitwa timu ya taifa na klabu inakuvuta shati? Fanya hivi

Nimefanya umeneja wa timu misimu kadhaa na karibu kila mwaka nilikuwa na kijana mmoja anakuja chumbani kwangu usiku, hana raha, kaitwa kikosi cha taifa na mama yake keshaambiwa na mtaa mzima unajua, halafu kocha wa klabu kamuita pembeni akamuuliza swali moja tu, "sasa na wewe unaenda?" Kwa namna alivyoulizwa anajua jibu linalotakiwa. Vijana wengi hapo wanayumba kwa sababu hawajui haki zao, na wengine wameyumba mpaka timu ya taifa ikaacha kuwaita. Kwa hiyo naandika hii kwa ajili yao, hasa wanaocheza nje ya nchi, maana AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda, na hili swali litawakuta wengi.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujajibu mtu yeyote, angalia kalenda ya FIFA. Hizo mechi zipo ndani ya dirisha, yaani zile siku FIFA ilizotenga kwa mechi za timu za taifa, au nje? Hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Zikiwa ndani ya dirisha, klabu yako inalazimika kukuachia, sio kwamba inakufanyia fadhila. Dirisha la kawaida linaanza Jumatatu mpaka Jumanne ya wiki inayofuata, siku 9, mechi mbili, na wewe unatakiwa uwe umeanza safari Jumatatu asubuhi mwisho. Kuanzia 2026 dirisha la Septemba na la Oktoba la wanaume yameunganishwa likawa moja refu la siku 16 na mechi nne, kwa hiyo usishangae klabu zikilalamika zaidi kipindi hicho. Na kuna kitu wachezaji wengi hawakijui kabisa: makubaliano yoyote kati yako na klabu ya kwamba hutaenda timu ya taifa kwenye siku hizo yamekatazwa na kanuni za FIFA. Yaani hata kama walikusainisha wakati unahamia, ukiwa na haraka ya kupata timu, hicho kipengele hakina nguvu. Usikiogope.

Cha pili ni karatasi. Kuitwa kwa kuona jina lako Instagram haitoshi. Shirikisho linatakiwa likuite kwa maandishi angalau siku 15 kabla ya siku ya kwanza ya dirisha, na klabu ipewe taarifa ya maandishi wakati huohuo, halafu klabu ina siku 6 za kuthibitisha kwamba inakuachia. Kwa hiyo ukiona orodha imetoka na klabu inasema "sisi hatujapata kitu", usibishane na kocha wako, mpigie meneja wa timu ya taifa muombe barua itumwe tena na wewe uwekwe kwenye nakala. Migogoro mingi niliyoiona ilianzia hapa, barua ilichelewa au ilienda kwenye barua pepe ya mtu aliyeshaacha kazi, na anayebeba lawama ni mchezaji. Hifadhi kila kitu, hata zile meseji za WhatsApp.

Sasa tuje kwenye majeraha, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndipo watu wanapoumia kweli. Kuna kiongozi wa klabu moja, sitaitaja, alimwambia kijana wangu "sema nyama za paja zinauma, tutakuandikia." Kijana alikuwa mzima kabisa. Akakubali, akabaki, na wikiendi hiyohiyo klabu ikataka kumchezesha mechi ya kirafiki. Usikubali huo mchezo hata siku moja. Kanuni inasema mchezaji aliyeitwa haruhusiwi kuchezea klabu yake kipindi chote alichotakiwa kuwa timu ya taifa, na kama hakuitikia wito, kizuizi kinaongezwa siku 5 juu yake. Pia kama unasema unaumwa, shirikisho lina haki ya kukutaka upimwe na daktari wanaemchagua wao. Ukidanganya utaumbuka mbele ya pande zote mbili na hakuna atakayekuamini siku ukiumia kweli.

Na kama unaumwa kweli, usiende kimyakimya kwa sababu unaona aibu kukataa bendera. Sema, tuma majibu ya vipimo kwa madaktari wote wawili siku hiyohiyo na uwaombe waongee wao kwa wao. Salah Januari 2024 aliumia kwenye mechi ya Misri na Ghana kule Ivory Coast na ikaamuliwa arudi Liverpool kutibiwa, kelele zilikuwa nyingi mno lakini angalau madaktari walikuwa wanaongea. Wewe ambae hauna jina la Salah unahitaji hayo mawasiliano zaidi yake.

Kuhusu pesa, uliza mapema. FIFA ina mpango wa kulinda klabu, mchezaji wa timu ya wakubwa akiumia akiwa na taifa na akakaa nje zaidi ya siku 28 mfululizo, klabu inafidiwa mshahara wake kwa kiwango maalum mpaka mwaka mmoja. Lakini ule mpango unalipa mshahara, haulipi matibabu. Kwa hiyo swali la kumuuliza meneja wa timu ya taifa kabla hujapanda ndege ni moja, nikiumia nani analipa hospitali? Jibu lije kwa maandishi. Hizi klabu hazikuanza kuogopa bure, 2004 Charleroi ya Ubelgiji ilimtoa Abdelmajid Oulmers kwenda kuichezea Morocco mechi ya kirafiki, akarudi ameumia na kukaa nje miezi, klabu ikaenda mahakamani. Ukielewa hofu yao unaweza kukaa nao mezani bila kugombana.

Nje ya dirisha mambo yanabadilika kabisa. Kambi ya mapema, mashindano ya CECAFA ya Afrika Mashariki na Kati, hapo klabu hailazimiki, na ukiondoka bila ruhusa umevunja mkataba, tena utakuwa umekosea wewe. Hapa unaomba, haudai. Nenda kwa kocha mwenyewe, usimtume wakala peke yake, mwambie tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi na mechi utakazokosa. Mara nyingi wanakubali nusu, labda ujiunge baada ya mechi ya Jumamosi. Hata wakubwa wanakutana katikati, AFCON ya Morocco klabu zilitakiwa kuachia wachezaji Desemba 8, 2025 na FIFA ikasogeza mpaka Desemba 15. Ila kuwa makini na kutaka kuridhisha wote kwa saa za mwisho: Onana, kipa wa Cameroon, alidaka mechi ya Manchester United na Tottenham Januari 14, 2024, na kesho yake Cameroon wanacheza na Guinea, bara lingine. Mechi hiyo hakuwemo. Kwangu mimi pale hakuna aliyefaidika.

Na kama umeamua hutaki tena kuitwa, ni haki ya moyo wako, mimi sitakuhukumu, ila andika barua rasmi ya kustaafu. Joel Matip, beki wa Liverpool wakati huo, alikuwa hajaichezea Cameroon tangu 2015, wakamuweka kwenye mipango ya AFCON 2017, akakataa, na Liverpool wakaogopa kumchezesha mpaka FIFA ilipomsafisha Januari 20. Na Cameroon ile, iliyokataliwa na wachezaji kadhaa, ikachukua kombe.

Kingine kidogo lakini kimeshawaangusha watu: pasi yako ya kusafiria iwe na muda wa kutosha, viza yako ya nchi unayofanyia kazi iruhusu kutoka na kuingia tena, na kadi ya homa ya manjano iwe kwenye begi la mkononi. Namjua dada mmoja anacheza ulaya alikwama uwanja wa ndege siku mbili kwa sababu ya viza ya kuingia mara moja tu, klabu yake ikadhani amechelewa makusudi.

Kurudi nako kuna saa zake. Ni saa 24 baada ya muda wa kuachiwa kuisha, au saa 48 kama mechi zilikuwa bara tofauti na la klabu yako, na ukichelewa, safari inayofuata muda wako wa kuachiwa unaweza kukatwa. Kwa hiyo usiongeze siku mbili za kumsalimia bibi, najua inauma, bibi aje hotelini. Ukitua tu mtumie kocha meseji kwamba umefika, na kesho yake mazoezini uwe wa kwanza.

Kama uko kwenye dirisha sasa hivi na unasoma hii huku klabu haijajibu, hesabu siku 6 tangu barua ilipofika, zikipita, liambie shirikisho lako leo, lenyewe ndio linapeleka suala FIFA, sio wewe.