Kabla Hujanunua Kadi ya Kunasa Video, Tazama Ukuta Wako

Majuzi alipanda ngazi zangu hapa Kondele, Kisumu, kijana mmoja wa kwaya, ametoka Ahero na mkoba begani. Akanionyesha kwenye simu picha ya kadi ya kunasa video, kile kifaa kinachoingiza picha inayotoka kwenye kamera moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. "Mama, hii kapcha kadi itanifaa? Nataka video zangu ziwe safi."

Nikamuuliza swali ambalo huwauliza wote: leo hii, picha inatoka kwenye kamera na kuingia kwenye kompyuta kwa njia gani? Akasema anachomoa memori kadi, anaichomeka, anakopi. Basi nikamwambia aweke simu mfukoni. Pesa yake ibaki.

Kamera za siku hizi zinarekodi faili, na faili ukiikopi ni ile ile, hakuna kadi ya kuiongezea utamu. Sisi tulioanza na kanda za MiniDV na HDV ndio tuliolazimika kukaa: kanda ya saa moja inacheza saa moja, kompyuta inavuta kupitia waya wa FireWire, na stima ikipotea dakika ya hamsini unaanza upya. Mazoea hayo ndiyo yamewaachia watu imani kwamba mhariri bila kadi si mhariri. Leo kadi ya kunasa unaihitaji ukirusha ibada au mazishi mubashara, ukirekodi kinachotoka kwenye mikisa, kile kifaa cha kuchagulia kati ya kamera kadhaa, au ukiokoa kanda za VHS za harusi ya wazazi wa mtu. Nje ya hayo, unanunua pambo.

"Lakini Mama, ibada ya Jumapili tunataka ionekane kule Nairobi na ng'ambo."

Hapo sasa tuongee.

Anza na hesabu, kwa sababu muuza duka hataifanya. Fremu moja ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080. Kwa mfumo wa kawaida wa kuhesabu rangi, 4:2:2 wa biti 8, kila pikseli hula baiti mbili, kwa hiyo fremu moja ni kama megabaiti 4. Zidisha kwa fremu 50 za sekunde moja: megabaiti 207 kila sekunde. USB 2.0 uwezo wake ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60, na hizo ni za kwenye karatasi. Mto wa Nyando haupiti kwenye bomba la bustani. Ndiyo maana vile vijiti vya bei ya chini vya HDMI, vingi vikiwa na chipu ya MS2109 ndani, huikamua picha kwanza kuwa MJPEG, yaani mfululizo wa picha za JPEG, na kwa 1080p (ile HD ya 1920 kwa 1080) huishia fremu 30.

Usidanganywe na plagi ya buluu, rangi ya kutambulisha USB 3.0 iliyo na kasi zaidi. Ukishakichomeka kijiti, fungua OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi na kurusha, uangalie orodha ya miundo kinayotoa. Ukichagua YUY2, yaani picha isiyokamuliwa, kwenye 1080p kikakupa fremu 5 tu kwa sekunde, buluu ile ni rangi tu. Ndani ni USB 2.0. Mimi huomba nikifungue dukani hapo hapo kwenye laptopu yangu. Asiyekubali, naaga.

Tena kuna suala la 25 na 30. Stima yetu ni ya hezi 50, kwa hiyo kamera tunaziweka fremu 25 au 50, la sivyo taa za ukumbi zinapepesa kwenye picha. Ukiingiza 50 kwenye kijiti ukakiacha kwenye 30, mwendo unarukaruka. Mchungaji aliyesimama hutaona kitu. Kwaya ikianza kuyumba ndipo mikono inakuwa kama ya vikaragosi. Vijiti vingi vina chaguo la 25. Kamera 25, kijiti 25, programu 25, na umepona.

Je, kijiti hicho ni kibaya? Kwa kurusha tu, hapana. Intaneti ya kanisa ikikupa megabiti 5 za kupandisha, picha itakamuliwa vibaya zaidi ya kilivyoikamua kijiti, na mtazamaji ana simu mkononi. Lakini ukitaka kurekodi halafu uje kuhariri, upandishe mwanga, urekebishe rangi, hapo MJPEG itakuonyesha vijiraba kwenye kila kivuli. Tafuta kadi ya USB 3.0 ya kweli. Elgato Cam Link 4K na Magewell USB Capture HDMI zote zinapokea 1080p hadi fremu 60, na hazidai draiva: unachomeka, kompyuta inaiona kama kamera. Mwenye desktopu yenye tundu la PCIe ndani aangalie kadi za DeckLink za Blackmagic. Hizo hazichomoki ovyo mtoto akikanyaga waya.

Kamera ikiwa mbali na meza, HDMI ni ya kuogopa. Kanisa la huyu kijana ni kama mita arobaini kutoka madhabahuni hadi pembe ya mikisa, na HDMI ya kawaida ikivuka mita kumi au kumi na tano inaanza kuhema. Huko ni kazi ya SDI: waya mmoja wenye kichwa cha BNC kinachozungushwa kikajifunga, wa omu 75. Kwa 1080p ya fremu 50 unataka toleo lake la 3G-SDI. Fundi mmoja aliwahi kunivutia waya wa antena ya TV akisema nao ni omu 75, na hakudanganya. Mita kumi ulifanya kazi vizuri. Siku ya shughuli tukauvuta hadi nyuma ya hema, picha ikajaa vimulimuli kama ufuo wa Dunga usiku wa kuvua omena kwa taa.

Mawili ya haraka. Ingia kwenye menyu ya kamera uzime maandishi yanayotoka kwa HDMI, ama utarekodi alama ya betri juu ya kichwa cha bibi harusi. Kamera nyingine hazina uwezo huo, ulizia kabla. Na ukichomeka king'amuzi upate giza, kadi haijaharibika. Ni HDCP, kufuli ya kuzuia kunakili.

Halafu nafasi. Ukinasa kwa DNxHD, muundo wa faili za kuhariri, ya megabiti 120 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 54. Wenzetu huko kwingine wanaposema saa moja wana maana saa moja. Mazishi ya huku yanaanza saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri bado wakwe wanahutubia. Saa sita ni gigabaiti 324, na hujaweka nakala ya pili. Nenda na diski tupu, na usinase kwenye diski ile ile yenye Windows.

Sasa nije kwa kilichonifanya niandike, maana kwenye kadi watu wanamaliza pesa yote kisha wanahariri kwenye skrini ya laptopu ya shule.

Mwaka nilioanza, nilifanya harusi moja ya Kakamega. Nilikaa siku nne nikipaka rangi fremu kwa fremu. Ukuta wangu wakati huo ulikuwa wa waridi, dirisha linatazama ziwa, na jua la jioni linaingia moja kwa moja hadi mezani. Machoni pangu gauni lilikuwa jeupe na nyuso zinang'aa. Tukaicheza kwenye TV ya sebuleni kwa baba yake bibi harusi, familia yote imekaa. Gauni la waridi hafifu. Watu wamepauka kama waliomwagiwa unga. Mzee akauliza polepole, "Siku hiyo kulikuwa na ukungu?" Hakukuwa na ukungu.

Jicho linajizoesha. Ukuta wa waridi unaliambia nyeupe ni waridi, nyeupe ya kweli kwenye skrini inaonekana ya kijani, nawe unaongeza waridi ili kusawazisha. Jua kwenye skrini linafanya kila kitu kionekane cheusi, unapandisha. Usiku unafanya kinyume. Kwa hiyo ukuta ulio nyuma ya monita upake kijivu kisicho na rangi ndani yake, weka pazia zito, na taa moja nyeupe ya 6500K nyuma ya monita ikimulika ukuta, isikumulike wewe. Gharama yake ni kopo la rangi na balbu. Hakuna kadi itakayokusaidia hivyo kwa pesa hiyo.

Monita yenyewe: video ya HD ina kipimo chake, Rec. 709, na rangi zake za msingi ni zile zile za sRGB. Tafuta paneli ya IPS inayofikia sRGB yote, inchi 24 inatosha, na ya mtumba iliyotoka ofisini haina aibu. Dukani weka picha yenye giza, kisha chuchumaa uitazame kutoka chini. Paneli ya TN itageuka kama negativu ya filamu. IPS itabaki sura yake. Zile zinazojisifu kwa rangi pana kupita sRGB ziache mpaka uwe na kipimarangi, kifaa cha kupimia rangi za skrini, maana bila kupimwa nyekundu zote zinawaka kama pilipili. Kipimarangi cha Spyder au Calibrite mnaweza kuchanga wapiga video watatu na kuzungushiana. Mwezi una siku za kutosha. Lengo: nyeupe ya D65 (ndiyo ile ya 6500K), mwangaza kama niti 100, na gama, yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka giza hadi weupe, 2.4 kama chumba ni cheusi.

Hata ukipima yote, kuna mtego mmoja. Video huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe kuishia 235. Kompyuta inahesabu 0 hadi 255. Kadi ya picha, ile ya ndani ya kompyuta inayolisha monita, ikituma hesabu moja na monita ikasubiri nyingine, ama kila kitu kinapauka kama nguo ya jik, ama giza linamezana. Mimi niliugundua kwenye mkesha wa matanga: wazee sita wamevaa suti nyeusi chini ya balbu moja, na kwenye skrini yangu walikuwa shimo moja lenye vichwa sita. Nikabadilisha chaguo hilo kwenye mipangilio ya kadi ya picha, kola na vifungo vikarudi.

Usiamini macho peke yake. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri, hata ile ya bure, ina grafu. Kwenye vektaskopu, ile grafu ya rangi, kuna mstari wa ngozi, na ngozi ya Mjaluo wa Bondo na ya mgeni wa Ulaya zote hukaa karibu nao. Tofauti kubwa ni mwanga, si rangi. Uso ukiwa nje ya mstari, usimlaumu mwenye uso.

Kadi ya kutoa picha, kama UltraStudio Monitor 3G au DeckLink Mini Monitor, inapeleka picha ya Resolve hadi monita bila Windows kuichezea njiani. Ni nzuri sana, na ni ya mwisho kununuliwa. UltraStudio hiyo inataka tundu la Thunderbolt. Tundu linafanana na USB-C, kwa hiyo tafuta kialama cha radi pembeni.

Na radi yenyewe. Alasiri za huku mnazijua. Nilipoteza tundu la HDMI la kamera kwa sababu kamera ilikuwa kwenye soketi moja na kompyuta kwenye soketi ya chumba kingine. Siku hizi vyote viko kwenye UPS moja, nachomeka HDMI vikiwa vimezimwa, na ngurumo ya kwanza ikisikika upande wa Nandi nachomoa kila kitu, mteja awepo asiwepo.

Sauti sikilizia hedifoni za kufunika sikio, kisha spika ya simu.

Kijana aliondoka bila kadi ya kwenye picha. Jana alinipigia. Wamenunua ya USB 3.0 na monita ya mtumba, na chumba kimeshapakwa kijivu. Mwenyekiti wa kwaya alipofungua mlango aliuliza ni nani amefariki.