Taa ya Injini Inapowaka Katika Gari Ambalo Bado ni Jipya

Taa ya injini ikiwaka katika gari ambalo bado liko ndani ya dhamana, kazi ya mwenye gari si kuizima. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hitilafu iliyoiwasha inatambuliwa, inarekebishwa kwa gharama ya mtengenezaji, na inaandikwa kwenye karatasi ambayo hakuna atakayeweza kuikana baadaye. Nalisema hili mapema kwa sababu wenye magari mapya wengi hupoteza haki yao katika siku chache za mwanzo, pale wanapomwomba fundi wa jirani awafutie taa hiyo ili wasiione tena.

Kabla ya yote, tazama rangi ya taa na namna inavyowaka. Taa ya injini huwa ya manjano au ya rangi ya chungwa, na isichanganywe na taa nyekundu ya shinikizo la oili au ile ya joto la injini, ambazo zikiwaka unapaswa kuegesha mahali salama na kuzima injini mara moja. Taa ya manjano ikiwaka bila kumetameta, na gari likaendelea kuvuta kama kawaida, unaweza kufika unakokwenda kwa mwendo wa taratibu na kupanga miadi ya gereji katika siku chache zijazo. Ikiwa inametameta, hali ni nyingine kabisa. Kwa kawaida maana yake ni kwamba injini inamisi, yaani silinda inashindwa kuunguza mafuta yake, kiasi cha kuhatarisha katalaiza, yaani masega yaliyo kwenye bomba la moshi, kwa kuwa petroli isiyoungua ndani ya silinda husukumwa humo, ikaungulia humo, na kuyapandisha joto hadi yakaharibika. Katika hali hiyo punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, egesha, kisha omba gari livutwe. Kuendelea kuliendesha kunaweza kugeuza hitilafu ya koili moja ya kutoa cheche kuwa ubadilishaji wa kifaa cha bei kubwa mno, na wakala wa mtengenezaji akapata sababu ya kudai kwamba uharibifu huo umeuleta wewe.

Taa ikiwa imetulia, anza na kifuniko cha tangi la mafuta. Mfumo wa mafuta umefungwa ili mvuke wa petroli usitoroke hewani, na kompyuta ya gari huupima mara kwa mara kuona kama unavuja. Kifuniko kisichokazwa vizuri, au mpira wake ulioingia mchanga, hutosha kuwasha taa. Kikaze mpaka kilie. Usitarajie taa izimike papo hapo, kwa maana kompyuta huhitaji safari kadhaa zisizo na dosari kabla ya kuridhika. Ni vizuri pia kuacha kuongeza mafuta baada ya pampu ya kituo kujikata yenyewe, kwani petroli inayozidi huweza kuingia kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke na kuliharibu.

Kifuniko kikiwa sawa, kusanya ushahidi. Piga picha ya dashibodi inayoonyesha taa pamoja na kilomita, kisha andika mazingira yake: je, injini ilikuwa ya baridi, ulikuwa unapanda mlima, ulikuwa umetoka kujaza mafuta, mvua ilikuwa inanyesha, au gari lilikuwa limetoka kufanyiwa huduma? Maelezo haya yana thamani kubwa kwa fundi, hasa kwa hitilafu zinazokuja na kutoweka. Kompyuta nayo huhifadhi kumbukumbu zake: msimbo wa hitilafu, na pamoja nao mwendo wa gari, mizunguko ya injini na joto lake kwa wakati ule tatizo liliponaswa. Ukifuta msimbo, au ukichomoa betri kwa matumaini kwamba taa itazimika, kwa kawaida kumbukumbu hizo hufutika, na fundi wa wakala analazimika kusubiri hitilafu ijitokeze upya.

Kusoma msimbo bila kuufuta hakuna madhara. Soketi ya kusomea msimbo, yenye pini 16, huwa chini ya dashibodi karibu na usukani. Mfumo huu wa kompyuta kujikagua na kusomwa kupitia soketi hiyo umekuwa wa lazima kwa magari mapya nchini Marekani tangu yale ya mwaka 1996, na kwa magari ya petroli katika Umoja wa Ulaya tangu 2001, hivyo skana ndogo ya kawaida, yaani kifaa cha kusomea misimbo, huweza kuyasoma magari mengi ya leo. Msimbo P0301, kwa mfano, unasema silinda ya kwanza inamisi; P0171 unasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa; P0457 unaelekeza kwenye uvujaji wa mvuke unaohusishwa na kifuniko cha tangi. Tafadhali usiuchukue msimbo kuwa ni jina la kifaa cha kununua. P0171 huweza kutokana na mpira wa hewa uliochomoka, sensa ya hewa yenye kasoro, au pampu ya mafuta isiyotoa shinikizo la kutosha, na ni vipimo pekee vinavyoweza kutenganisha sababu hizo.

Katika gari jipya uchakavu si wa kushukiwa kwanza. Mara nyingi chanzo ni soketi ya waya isiyobana, sensa iliyotoka kiwandani na kasoro, waya uliotafunwa na panya, au programu ya kompyuta ambayo mtengenezaji ameshaitolea toleo la marekebisho. Kama taa imewaka muda mfupi baada ya huduma, rudi kwanza kwa walioifanya: boksi la kichujio cha hewa lisilofungwa vizuri au soketi ya sensa iliyosahaulika huonekana kwa dakika chache.

Unapofika kwa wakala, eleza dalili, usitaje tiba. Ukisema “badilisheni sensa,” unaweza kupewa sensa na tatizo likabaki. Omba karatasi ya kazi iandike malalamiko yako kwa maneno yako mwenyewe, tarehe, kilomita, msimbo uliosomwa, kipimo kilichofanywa na kifaa kilichobadilishwa. Waombe pia waangalie kwa namba ya chasi kama mtengenezaji ametoa maelekezo ya kiufundi au ameyaita magari ya aina hiyo yarekebishwe bure. Dhamana ikikaribia kuisha, ripoti hitilafu kwa maandishi kabla ya siku hiyo, hata kama miadi ya matengenezo itakuja baadaye.

Ukiambiwa kwamba taa imefutwa na gari halina tatizo, uliza ni nini kilichorekebishwa. Jibu likiwa hakuna, basi hilo nalo liandikwe. Baada ya kufuta, kompyuta huanza upya majaribio yake ya ndani, na baadhi yake hukamilika tu baada ya kuwasha injini ikiwa ya baridi, kuendesha katika foleni na kuendesha kwa mwendo wa kasi usiobadilika. Kwa hiyo dashibodi iliyo safi mlangoni mwa gereji haithibitishi chochote. Endesha gari kwa namna hizo zote katika siku zinazofuata. Taa ikirudi, piga picha nyingine na urudi na karatasi ya kwanza mkononi, ukiomba tatizo lisajiliwe kuwa la kujirudia na lipelekwe kwa mtengenezaji, kwa sababu pale ambapo sheria inamlinda mnunuzi wa gari jipya lenye kasoro isiyotibika, idadi ya majaribio ya matengenezo yaliyoandikwa ndiyo huangaliwa.