Kuchora katuni ya gazeti Dar, anzia hapa

Watu wananiulizaga unaanzaje kuchora katuni za magazeti hapa Dar, jamani sio uchawi. Kwanza shika ishu moja tu, mfano mabasi ya mwendokasi, usichanganye na maji na umeme humo humo. Afu tafuta picha kabla ya maneno: abiria kabanwa mlangoni, shavu limebandikwa kwenye kioo kama chapati, kiatu kimoja kimebaki kituoni. Hapo msomaji kashacheka hata hujaandika kitu.

Chora kwa penseli kwanza, pitisha wino mweusi mzito, maana karatasi ya gazeti inakunywa wino na vimistari vyembamba vinapotea kabisa. Maneno yasizidi kumi, mi niliwahi kujaza maelezo puto zima, kale kaduara ka maneno ya mhusika, mhariri akanirudishia kaniambia hii ni insha bwana, niliumia ila alikuwa sahihi.

Pia uwe na mhusika wako, hii ndo siri kubwa kwa maoni yangu. Wazee wanamkumbuka Chakubanga wa gazeti la Uhuru, na mchora katuni Masoud ana kale kapanya kake mpaka mwenyewe anaitwa Kipanya. Mchora katuni Gado naye kazaliwa hapa hapa Dar kabla hajaenda kutamba Nairobi, we mwangalie anavyokuza pua na masikio ya wakubwa, unamjua mtu bila jina.

Ukimaliza skani, kama huna skana piga picha kwa simu dirishani asubuhi, usiwashe flashi. Tuma mapema, habari ya juzi haichekeshi mtu.