Jinsi ya kuchangisha pesa za chemchemi kama kanisa lenu bado ni changa

Hii naandikia wale mmefungua kanisa juzi huku Vihiga, Kakamega ama vijijini pande za Kisumu, bado mnakutana kwa darasa la shule ama chini ya turubai, na mnataka kufanyia kijiji kitu cha maana, yaani kujengea chemchemi ya kijiji ili watu wateke maji safi. Nimetoka kusaidia kanisa moja karibu na Luanda na maswali yalikuwa yaleyale kila siku, nikaona heri niyaweke mahali pamoja. Na kabla mtu aniulize kama hii si kazi ya serikali: wamisionari Waquaker (kanisa la Friends) walipofika Kaimosi, hapa Vihiga, 1902 hawakuja na mahubiri peke yake, walifungua shule, hospitali, na mashine ya kupasua mbao. Huku kwetu injili na kazi ya mikono vimetembea pamoja tangu zamani.

Hatua ya 1: Chagua chemchemi

Uliza akina mama wanaoteka, usiulize wazee walioketi sentani. Nenda uione mwezi wa pili jua likiwa kali, mvua ikinyesha kila shimo ni chemchemi. Weka mtungi wa lita 20 mdomoni pa maji halafu uangalie saa ya simu. Ukijaa kwa dakika moja hapo una lita 1,200 kwa saa, na hayo ni maji ya kutosha boma nyingi sana. Angalia pia upande wa juu wa mteremko, kama kuna choo cha shimo ndani ya mita 30 tafuta kwingine ama mzungumze na mwenye choo. Na kama pamezungukwa na mikaratusi ujue hiyo miti inakunywa kabla yenu.

Mtu atawaambia mchimbe kisima cha mashine kwa sababu kinaonekana kikubwa kwa picha. Mimi sikipendi kwa kanisa changa. Pampu itaharibika, stima italipwa na nani, na fundi wake anatoka mbali. Maji ya chemchemi yanashuka yenyewe.

Hatua ya 2: Shamba

Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji ni ya umma, sawa, lakini njia ya kuyafikia inapita kwa mahindi ya mtu. Andikeni makubaliano: mwenye shamba, bibi yake, vijana wake wakubwa, liguru (mzee wa kijiji) na chifu, wote waweke sahihi. Kama hati bado iko kwa jina la babu aliyekufa zamani, hakikisha ndugu zote wamekaa kwa hicho kikao, hata yule wa Nairobi, mpigieni simu mkiwa wote pamoja. Ukimwacha nje yeye ndiye atakuja Krismasi kung'oa ua wa chemchemi.

Hatua ya 3: Akaunti (hapa ndipo watu hulia)

Kwanza, msitumie laini ya M-Pesa ya pasta. Wala ya mweka hazina. Najua ni rahisi, lakini sikiza. Laini ya mtu haishiki zaidi ya shilingi 500,000, hiyo moja. Mbili, kama mwenye laini ana deni la Fuliza (ule mkopo wa M-Pesa), ile pesa ikiingia tu inakatwa, yaani mtu ametuma elfu mbili za maji na zimelipa unga wa wiki jana, na hakuna mtu ameiba hapo lakini jaribu kueleza hiyo mbele ya kijiji. Tatu, akifariki mnaanza kufuata pesa za maji kwa familia iliyo na matanga.

Pili, kama mnaweza, msitumie hata akaunti ya kanisa. Kanisa changa mara nyingi liko chini ya usajili wa kanisa mama, kwa hivyo kila kitu kinangoja barua kutoka makao makuu, na pesa za maji zikikaa pamoja na sadaka siku moja kodi ya turubai itazila. Mimi nasema undeni kikundi cha maji, na muingize watu wa makanisa mengine na wale hawaendi kanisa lolote, si maji watakunywa wote? Kikundi kinasajiliwa kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, na muwe angalau watu kumi.

Halafu mfuate huu mpangilio bila kuruka: cheti, PIN ya KRA, yaani namba ya kodi, ya kikundi (si yako), ndiyo benki. Ukienda benki na cheti bila PIN utapiga foleni bure.

Sasa minits. Benki inataka minits za mkutano, na minits ndizo huturudisha nyumbani. Lazima ziseme mmekubaliana kufungua akaunti, benki gani na tawi gani, watakaotia sahihi ni nani pamoja na namba za kitambulisho, NA watatia sahihi namna gani. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Andika wazi: sahihi ni tatu, mbili zinatosha, ya mweka hazina lazima iwemo. Ile benki tulienda ilikataa karatasi zetu kwa hilo tu, na tukaambiwa hivyo wakati tumeshafika dirishani.

Majina yaandikwe vile yako kwa kitambulisho, yote matatu, mpangilio uleule. Mama Fulani anajulikana soko zima lakini benki haimjui. Herufi moja ikikosa mnarudi. Jina la kikundi pia liwe moja kwa cheti, PIN na akaunti, msiongeze neno mbele wala nyuma.

Wenye sahihi wasiwe mume na mke. Na pasta asiwemo. Si kwamba ni mwizi, ni kwamba anaweza kuhamishwa, na kukitokea maneno yeye abaki na nafasi ya kupatanisha watu.

Kuhusu Paybill, ile namba ya kulipia kwa M-Pesa, msihangaike kuomba yenu. Benki nyingi zina Paybill yao, unaweka namba ya akaunti yenu pale kwa akaunti na pesa inaingia moja kwa moja. Shida ni watu kukosea namba, kwa hivyo iandikwe kubwa kwa kadi, na kabla hamjachapisha kadi hata moja tuma shilingi 50 yako uone imeingia na jina lililotokea ni la kikundi.

Hatua ya 4: Bajeti

Fundi wawili, bei mbili kwa maandishi. Mawe, mchanga na kuchimba ni vya kijiji, simiti na bomba ni vya mchango. Kijiji kisipotoa hata mawe, simamisha kwanza.

Hatua ya 5: Mchango

Harambee ni sawa, lakini ahadi si pesa. Usinunue hata mfuko mmoja wa simiti kwa ahadi. Mkitaka kuzungusha mkebe barabarani ama sokoni kuna sheria ya zamani ya michango ya hadhara, Sura ya 106, tafuteni kibali kwanza. Mwanasiasa akitaka kuja na bahasha mjiamulie mapema mtasema nini, Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha pesa za namna hiyo na halikuanguka. Sisi tulisema atume kwa Paybill kama wengine, hakuna kipaza sauti. Hakutuma.

Kila Jumamosi weka statimenti kwa grupu ya WhatsApp, ila ficha namba za simu za watu, kuna sheria ya data ya 2019. Waliotoa shilingi 50 waonekane kama wa elfu tano.

Hatua ya 6: Ujenzi

Fundi anajua. Wewe simamia mtaro wa kugeuza maji ya mvua upande wa juu, na ua, kwa sababu hivyo viwili ndivyo hukatwa pesa zikipungua na bila hivyo ng'ombe wataingia hadi kwa jicho la maji.

Kwa ukuta msiandike jina la kanisa. Andikeni mwaka, na kama fundi amekubali, namba yake ya simu, bomba likipasuka mtu ajue wa kupigia.