Uboho wa Mbwa Ukizimwa na Dawa: Namna ya Kumtibu

Uboho wa mifupa ndio unaozalisha chembe za damu, na zipo dawa zinazoweza kuuzima: sindano ya estrojeni anayochomwa jike ili mimba isishike, fenilibutazoni ya maumivu ya viungo, albendazoli ya minyoo, fenobabitali ya kifafa, na dawa za saratani. Dawa inayoshukiwa isimamishwe siku hiyo hiyo. Fenobabitali pekee isikatwe ghafla kabla daktari wa mifugo hajaweka nyingine mahali pake, kwa maana degedege likirudi kwa nguvu linaweza kumuua mbwa mapema kuliko upungufu wa damu.

Kisha damu ipimwe na chembe zote zihesabiwe. Chembe nyeupe zinazopambana na bakteria hukaa katika damu kwa saa chache tu, kwa hiyo huisha kwanza. Chembe sahani, zinazogandisha damu, hufuata baada ya siku kadhaa. Nyekundu huishi zaidi ya miezi mitatu, ndiyo maana fizi huchelewa kupauka, na mwenye mbwa asitulie kwa kuziona bado zina rangi. Baada ya estrojeni chembe nyeupe huweza hata kupanda mno kabla ya kuanguka, hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Huku kwetu, kwenye kupe wengi, lazima apimwe pia ehrlichia, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ambao ukidumu muda mrefu huleta picha ile ile lakini hutibiwa kwa doksisaiklini.

Uboho haulazimishwi kupona. Mbwa hulindwa mpaka uamke. Chembe nyeupe zinazopambana na bakteria zikishuka chini ya 1,000 kwa kila mikrolita, apewe antibiotiki hata kama hana homa, na akiwa na homa alazwe, apewe kwa mshipa. Chembe sahani zikiwa chache, asichomwe sindano za msuli, asipewe aspirini wala mifupa ya kutafuna. Akiishiwa nguvu kwa upungufu wa damu, aongezwe damu ya mbwa mwenye afya aliyepimwa magonjwa ya kupe. Filgrastimu ya binadamu, dawa inayochochea chembe nyeupe, husaidia kwa muda mfupi, kwani baadaye mwili wa mbwa huitengenezea kingamwili.

Baada ya dawa za saratani, chembe kwa kawaida hurudi katika siku chache. Baada ya estrojeni huchukua miezi, na wengine hawaponi, jambo ambalo daktari anapaswa kumweleza mwenye mbwa mapema. Jina la dawa iliyomdhuru liandikwe kwenye kadi yake ya matibabu ili asipewe tena.