Mimea ya kudumu kwenye vyungu: tazama mizizi kabla ya kupogoa

Waridi la barazani likidorora, wengi hukimbilia mbolea, na isiposaidia hushika mkasi. Mara nyingi tatizo liko chini, pasipoonekana. Mmea wa ardhini ukiishiwa chakula hupeleka mizizi mbali zaidi. Wa kwenye chungu hauna pa kwenda, hivyo mizizi yake huzunguka ukuta wa chungu na kujisokota mpaka inachukua nafasi ya udongo. Dalili zake ni maji kupita haraka na kutokea chini, mizizi kuchungulia kwenye matundu, na majani kulegea jioni ilhali umemwagilia asubuhi.

Mwagilia, subiri kama saa moja, kisha laza chungu ubavu na uvute mmea taratibu, ukiushika shinani. Mizizi yenye afya ni meupe au kahawia hafifu, na ni migumu kidogo ukiibonyeza. Iliyooza ni myeusi, inateleza na inanuka. Kata yote iliyooza, kisha punguza ile inayozunguka nje, lakini usizidi theluthi moja ya bonge zima la mizizi. Rudisha mmea kwenye chungu kilekile na udongo mpya wenye mboji. Udongo wa bustanini pekee haufai, maana ndani ya chungu hushikamana na kukosa hewa. Kazi hii hufanywa kila baada ya miaka 2 au 3, mmea unapokaribia kuchipua.

Hapo ndipo zamu ya matawi inafika. Mizizi iliyopunguzwa haiwezi kunywesha majani yote yaliyokuwapo, kwa hiyo juu nako kupunguzwe. Anza na matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Ukiwa na shaka kama tawi liko hai, likwaruze kwa ukucha: likiwa na kijani chini ya gome, liache. Kata milimita 5 hivi juu ya jicho (kinundu ambapo tawi jipya huchipukia) linalotazama nje, mkato uwe mshazari ili maji yateleze upande usio na jicho. Ukiacha kisiki kirefu kitakauka, na uozo unaweza kushuka nacho. Mkasi uwe mkali, na ufute makali yake kwa spiriti kabla ya kuhamia mmea mwingine; wanaoruka hatua hii ndio wanaosambaza magonjwa baraza zima.

Wakati wa kupogoa hutegemea mahali mmea unapochanulia. Bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya, basi ipogoe maua yakiisha. Haidrenjia ya majani mapana huandaa maua yake msimu uliotangulia. Ukiikata kwa kuchelewa, mwaka unaofuata utapata majani matupu. Lavenda ndiyo inayoumiza watu zaidi: ukikata hadi kwenye sehemu kuukuu, ngumu kama mti, isiyo na majani, kwa kawaida haichipui tena. Kata sehemu laini yenye majani tu, kidogo kidogo kila mwaka.

Kuna desturi ya kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Iache. Maji hukwama pale udongo laini unapokutana na kokoto, na mizizi inabaki na tope karibu zaidi. Kinachosaidia ni matundu yaliyo wazi na udongo wenye chembechembe kubwa. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, hizo ni chumvi za mbolea na maji. Mimina maji mengi mpaka yatiririke chini, na usiyaache yatuame kwenye sahani.

Baada ya kukata mizizi, weka mmea kivulini kwa wiki 1 au 2 na usitie mbolea hadi uone majani mapya. Punguza pia maji, kwani majani yakiwa machache udongo huchelewa kukauka. Chomeka kidole sentimita 3 hivi. Ukihisi unyevu, usimwagilie siku hiyo.